Lori Naliweza, Televisheni Inanishinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla jina langu halijaisha hapa Koboko. Mimi ni dereva wa lori, nabeba wafanyabiashara na mizigo yao mpaka Arua, na siku nyingine nashuka mpakani Vurra na kuvuka kuingia Congo, na tangu nianze kazi sijakanyaga hata kuku wa mtu, lakini mwezi huu Bwana Onzima ameleta dukani kwake Arua mchezo wa mbio za magari, unaunganishwa na televisheni, una usukani wa plastiki na pedali za miguu, na jenereta ikiwaka tu watu wanajaa mpaka mlangoni, nami nikajiambia kama kuna mtu wa kuwaonyesha gari linavyoendeshwa ni mimi, basi nikaketi, abiria wangu wote wamesimama nyuma yangu, na hapo, mshauri, niliaibika.

Nilishika upande wa kushoto kama sheria ya Uganda, nikafika kwenye kona nikatafuta honi nisiione, mbele nikaona mtu anapunga bendera kando ya njia, nikasimama, kwa sababu sisi watu wa njia hii tunajua kwamba anayepunga kitu barabarani humpiti hivi hivi, nikangoja aje aulize karatasi, haji, magari yote yakanipita, watu wakacheka mpaka benchi likaanguka, nikakasirika, nikakanyaga mafuta hadi mwisho, nikagonga ukuta, nikarudi nyuma, nikagonga ule ule. Aliyenishinda ni Fatumah, fundi cherehani, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, akaniambia, "Pole, kaka dereva. Lete hiyo lori nikushonee pindo."

Hilo ningelivumilia, lakini Mariam Poni, mkubwa wa akina mama wauza simsim, yaani ufuta, alisema mbele ya wote, "Hii dereva gani? Barabara iko tupu, mbuzi hakuna, mutoto hakuna, na bado iko nagonga! Simsim yangu hapana panda hiyo lori tena." Na kweli, siku ya soko akina mama wote walipanda lori la dereva mwenzangu Abiriga, ambalo hata taa halina, nami nikaenda Arua na gunia la muhogo na mzee mmoja aliyelala njia nzima. Jumamosi kuna mashindano na Mariam Poni atakuwepo, nami lazima nimshinde Fatumah ili mizigo irudi. Nifanyeje nipate kasi?

Sulaimani Lokule, Koboko

Ndugu Sulaimani,

Pole sana. Nimecheka, sitakuficha, kisha nikavaa koti nikaenda dukani kwa Onzima kuketi kwenye kiti hicho mwenyewe, maana sipendi kumvusha mtu mto ambao sijaupima. Niligonga ukuta ule ule. Ndipo nikaomba kumtazama Fatumah, na mambo yakaeleweka.

Mwenye bendera si askari. Anakujulisha kwamba umemaliza mzunguko. Mpite, wala usimsalimu.

Upande wa kushoto ni kwa ajili ya watu wanaokutana njiani. Katika mchezo huu hakuna anayekuja mbele yako. Barabara yote ni yako, nawe unaikataa nusu yake kama mgeni mwenye haya mbele ya sahani. Kona ikielekea kulia, ianze ukiwa ukingoni kabisa upande wa kushoto, kata mpaka karibu uguse ukingo wa ndani, kisha liache gari lirudi taratibu kushoto. Ukitaka kuelewa sababu, chora kona kwenye vumbi, uvute uzi ndani yake: utajinyoosha kadiri ya nafasi. Njia iliyonyooka zaidi ndiyo inayokubali mwendo zaidi. Hiyo ni jiometri, si uchawi wa fundi.

Tena wewe unashika breki ukiwa umekwisha kuingia kwenye kona. Tairi haliwezi kusimamisha gari na kuligeuza kwa nguvu zake zote kwa wakati mmoja. Shika breki njia ikiwa bado imenyooka, ingia pole, na ukiuona mwisho wa kona ndipo uongeze mafuta, kidogo kidogo. Aingiaye kwa hasira hutokea ukutani.

Nilimwuliza Fatumah anatazama wapi. "Mzee, nikitazama sindano, kitambaa kinapinda. Natazama kule mshono unakwenda." Wewe unautazama ukuta, na mikono hufuata macho. Mikono yenyewe ipunguzie nguvu. Usukani wa lori husukumwa kwa mabega, ule wa plastiki unataka vidole. Nenda mapema kabla watu hawajajaa, uzunguke polepole mpaka uweze kumaliza bila kugusa ukuta. Kasi itakuja yenyewe baada ya hapo.

Lakini ole wako nisikie umekata kona namna hiyo kwenye njia ya Vurra! Kule kuna anayekuja.

Sasa, la Mariam Poni. Ulitaka kuringa, ukamkabidhi Abiriga abiria wako, na usiku mmoja mama hao watakuwa kwenye lori lisilo na taa. Hilo ndilo linaloniuma. Na Jumamosi Fatumah atakushinda tena, nimemwona, usijidanganye. Kwa hiyo kabla mashindano hayajaanza, mwambie Mariam Poni kwa adabu, mbele ya wenzake, "Mama, kaa wewe kwanza, leo mimi niko abiria." Msogezee kiti. Simama nyuma yake, na akigonga ukuta kwenye kona ya kwanza, usicheke. Sema tu, "Pole, mama," kisha umwulize simsim yake ipakiwe saa ngapi.