Miaka Mitatu ya Moubarak

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Moubarak amepata timu ya basketi! Lubumbashi, msimu mmoja. Itakuwa klabu yake ya kumi — Kigali, Bukavu, Kampala, Kisangani, nyingine sizikumbuki. Hakuna iliyomweka zaidi ya misimu miwili, lakini daima kuna mahali anapoitwa tena. Amekuja mwenyewe bironi, hapa ofisini kwetu, ameinama mlangoni kama kawaida yake, akaniomba barua ya kuachiliwa na klabu yetu. Usajili unafungwa tarehe 12. Akanipa sabuni ndogo ya hoteli, ya Kisangani. Huwapa makarani wote wanaomwandikia barua.

Nikaanza kujaza. Lisansi yake, kadi ya mchezaji, inasema alizaliwa 1993. Paspoti, 1990. Nimeangalia mara nne. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kosa la tarehe. Nikaogopa. Nikapeleka swali shirikishoni, sentensi mbili za adabu: tarehe ipi ndiyo sahihi? Kwa anwani ya biro, bila jina langu.

Yeye alikuwa bado nje uwanjani. Kwa nini sikumuuliza yeye kwanza?

Jumatano, 3 Septemba

Faili lake limezuiwa mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi! Mimi niliuliza tu.

Muzee Télesphore, katibu wetu, amesoma jibu kwa sauti, kisha akavua miwani. Anasema kila mtu wa basketi mjini anaijua hiyo miaka mitatu. Kocha fulani aliipunguza zamani, Moubarak akiwa bado shuleni, ili acheze na vijana. Tangu hapo makarani wamekuwa wakinakili lisansi tu, paspoti hawaifungui. Halafu akauliza ni nani aliyeandikia shirikisho.

Nilikuwa nabana karatasi. Niliendelea kubana.

Ijumaa, 5 Septemba

Amekuja. Hana hasira, na hilo ndilo baya zaidi. Ameketi kwenye benchi letu fupi, magoti karibu yaguse kidevu. Lubumbashi watamsubiri hadi tarehe 12, baada ya hapo watachukua mtu mwingine. Ana miaka thelathini na mitano. Kwa kweli, anasema, baada ya hii hakuna atakayemwita tena.

Kisha akatania: "Goti ni ya tisini. Mukono tu ndiyo ya tisini na tatu."

Nikacheka naye. Mungu anisamehe.

Sabuni iko kwenye droo yangu. Siwezi kuitumia, siwezi kuitupa.

Jumatatu, 8 Septemba

Sasa lawama imekuwa ya Shakuru. Shakuru alisoma naye, walicheza pamoja, leo anafundisha timu yetu ya vijana. Anaijua ile miaka mitatu tangu mwanzo. Na mwezi uliopita waligombana uwanjani, watu wakisikia. Basi Moubarak ameshaamua kuwa ni yeye.

Jana, msikitini mtaa wa Jabe, baada ya adhuhuri, alimsimamisha mlangoni. Muzee Télesphore amenihadithia yote. Moubarak alisema kwa sauti ya chini: "Umekula kwetu, Shakuru. Ungekuja kuniambia mi." Shakuru aliapa kwa Mungu kwamba si yeye. Alipoaga, hakuna aliyemwitikia salamu.

Kamati ya klabu inataka asimamishwe kufundisha. Kesho nitasema. Kesho!

Jumanne, 9 Septemba

Nimejifunza maneno njiani, kutoka kwetu Ngagara hadi hapa: Kaka Moubarak, ni mimi. Maneno manne. Muzee Télesphore yuko benki, nafasi ilikuwa nzuri. Lakini Moubarak aliingia kabla sijafungua kinywa, ana karatasi iliyokunjwa. Anataka kumshitaki Shakuru mbele ya kamati, aondolewe kabisa.

"Andika wewe, mudogo wangu," akasema. "We unajua kuandika, na hauna maneno mingi. Mi sina mutu mwingine wa kumwamini hapa."

Nikaandika. Tarehe. Kwa Kamati. Anasema, naandika. Vidole vinafanya kazi yao kama si vyangu.

Amekwenda dukani kutoa kopi ya paspoti. Naandika haya haraka. Kwenye skrini sentensi imesimama: "Mtu aliyepeleka habari zangu shirikishoni ni" — na kile kistari kinawaka, kinazima.

Namsikia anamtania mlinzi. Hatua zake.

Anainama mlangoni.