Mashimo ya Kindi Bandani

Baba Kidosho,

Nimewahi kazini, chai iko kwenye chupa. Tafadhali, usimfungulie mtoto mlango wa nyuma mpaka uzibe mashimo waliyochimba kindi kwenye banda la kuku. Asubuhi nimemkuta kalala kifudifudi, mkono umezama shimoni hadi begani, anacheka: “Mama, kinanilamba!” Nilipomvuta, nikaona gamba alilojivua nyoka pembeni, bado laini. Nikacheka naye asije akaogopa, huku namkagua mkono; hauna alama.

~~Weka sumu.~~ Hapana, usiweke, mwanao huokota kila kitu. Fukia wavu wa waya kuzunguka banda. Na chakula cha kuku acha kukimwaga nje, ndicho kinachowaita hao kindi.

Jana ulinitania kwamba naogopa hata kivuli changu. Haya, nitanie tena jioni, nikimkuta mzima.

Mama Kidosho