Sahani Uliyoifunika

Mama yangu,

Barua hii atakusomea mdogo wangu Noela hapo nyumbani, kambini Nakivale. Ukiisahau kabla hajamaliza, aanze upya. Mimi niko dukani kwangu Nyamityobora, huku Mbarara, wateja hawajafika, na nina jambo la kuungama.

Tulipokimbia Kivu uliacha godoro ukabeba kinu na mchi. Watu wa lori walikucheka. Ukawajibu, "Godoro haipikake sombe," ukakaa juu ya kinu chako mpaka tukafika.

Ulipoanza kupotea njia ya Base Camp hapo kambini, watu walisema umerogwa. Nami niliamini, nikamshuku na kuacha kumsalimia Mama Sifa, jirani aliyekuwa akikurudisha nyumbani kwa mkono. Hilo linaniuma. Kisha daktari wa Mbarara akatuonyesha picha ya ubongo wako. Alisema ubongo umesinyaa kwa maradhi. Sehemu inayoweka mambo mapya ndiyo huanza kuchoka, ya zamani hukaa zaidi. Dawa ya kuurudisha hakuna, ila usinyang'anywe kazi uliyoizoea.

Nasi tulikuwa tumekunyang'anya. Mchi niliuficha mimi, nikiogopa utajiumiza, na mlango nikaufunga. Ukawa unashinda kitandani.

Jumapili nilikurudishia mchi wako. Ulinitazama ukauliza, "Weye uko mutoto ya nani?" Nikasema wako. Ukacheka kwa adabu, kama unavyocheka na wageni. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Huko nyuma nikausikia mchi: mapigo mawili, unapumzika, mawili tena. Ulitwanga majani yote ya muhogo ya sombe bila kuelekezwa, Noela akaangalia moto tu. Ulipopakua ulijaza sahani moja, ukaifunika kwa nyingine, ukamkataza Noela kuigusa.

"Hii ni ya Aline. Anarudiaka na njala toka Mbarara."

Umeniwekea sahani hivyo tangu siku ya kwanza nilipoanza biashara. Nilifurahi, Mama.

Jioni ile nilimpitia Mama Sifa kumwomba radhi. Alinikalisha, akaniuliza habari zako. Mlango wako haufungwi tena. Yeye na Noela wanapokezana kukuangalia.

Sahani niliifunua nikala mbele yako. Uliingiwa na wasiwasi, ukaniuliza kama Aline hatakasirika. Nikakuambia namfahamu vizuri, hatakasirika. Jumapili nakuja tena. Mwekee chakula.

Ni mimi, mgeni wako wa Jumapili,
mwanao Aline