Sare Moja, Watoto Wawili

3 Machi

Kwa Bibi mpendwa,

Shikamoo Bibi. Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Huku tu wazima, ila Mama ana mafua na anamlaumu kila anayepita. Anauliza kwa nini nisikupigie simu tu, lakini mwalimu wetu wa darasa la sita amesema lazima barua, tena kwa kalamu.

Tunalinganisha shule ya leo na ya zamani, na darasa limegawanyika. Wengine wanasema zamani ilikuwa raha kwa sababu kazi za nyumbani hazikutumwa kwenye simu za wazazi, kwa hiyo mtoto alidanganya kwa amani. Mimi niko upande wa leo. Tuna kompyuta, tuna feni, tuna maji ya bomba. Lakini jana mwalimu alituambia tufumbe macho tuwaone bibi na babu zetu wakiwa wadogo. Feni ilikuwa inazunguka polepole, nikakuona umekaa kwenye dawati la mbele unatazama dirishani. Kweli ulikuwa unakaa mbele?

Mjukuu wako

11 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Hali yangu si mbaya. Magoti asubuhi yananisikiliza, jioni yananikatalia. Mpe Mama pole ya mafua, na mwambie amwache baba yako apumue.

Dawati gani tena? Tulikaa chini, kwenye sakafu ya udongo, tukaandika kwa vidole. Ukikosea unafuta kwa kiganja, na kengele ikilia unafagia masomo yote unarudi nyumbani. Hesabu za kuzidisha tuliziimba. Mpaka leo, nikipima kitambaa cha sare hapa kwenye cherehani, naimba kwanza, na wateja wanadhani nina furaha.

Ila mimi nilikuwa nusu mwanafunzi. Mimi na pacha wangu, Bibi yako Mdogo, tulikuwa na sare moja. Baba hakuweza mbili. Leo anavaa huyu, kesho yule, na kwa kuwa tulifanana, mwalimu mkuu akaandika mtoto mmoja. Leo anacheka mmoja darasani, kesho anachapwa mwingine. Aliyetoka shule alijilaza mkekani kando ya mwenzake, akamsimulia siku nzima, hadi kikohozi cha mwalimu. Mwenzangu alichora ramani hewani kwa kidole. Nilikuwa nafumba macho, naona mito inapita juu ya dari. Sijui hata leo yapi niliyasoma na yapi niliyaota.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa siku moja, na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na homa kali. Nilipozinduka jua limeshapanda, na msumari wa kutundikia sare ni mtupu. Alifaulu yeye, akaendelea, akawa muuguzi. Mimi nikashika cherehani. Toka hapo hatusemezani, tunaonana misibani tu. Andika hayo ukitaka, mimi nimeyachoka.

Bibi yako

16 Machi

Kwa Bibi,

Shikamoo. Mama amepona, sasa ni zamu ya Baba.

Barua yako nimeisoma darasani. Hata wale watundu wa nyuma walisogea mbele wasikie. Mmoja aliuliza kama mtu anaweza kwenda shule akiwa nyumbani amelala, na mwalimu akaliandika swali hilo ubaoni.

Tarehe 28 wazee wanakuja kukaa nasi darasani. Usinigombeze, Bibi. Nimemwalika Bibi Mdogo, maana anakaa mtaa wa pili, na nakualika wewe pia. Dawati langu ni la watu wawili. Nitasimama nyuma siku hiyo. Nataka mkae nyote.

Mjukuu wako

20 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Huku salama.

Sitakuja. Nina sare nyingi za kushona. Na siwezi kukaribishwa kwenye nafasi niliyonyang'anywa, nikae na aliyeninyang'anya. Usinune, wewe huna kosa.

Bibi yako

29 Machi

Kwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, lakini jana sikulala vizuri.

Bibi Mdogo alikuja. Alikaa upande mmoja wa dawati, mkoba mapajani, upande wako akauacha wazi. Zamu yangu ya kuuliza ilipofika nikamwuliza mbele ya wote: kwa nini ulichukua zamu ya bibi yangu? Mwalimu alinikazia macho.

Bibi Mdogo akasema, "Alinivalisha yeye."

Anasema alfajiri ile ulikuwa umeshavaa sare, unatetemeka, umeshika ukuta. Ukaivua, ukamvalisha, ukamfunga vifungo mpaka cha shingoni. Mikono yako ilikuwa ya moto. Ukamwambia, "Nenda wewe, mimi naona kila kitu viwili viwili." Kisha ukalala. Jioni alipotaka kukusimulia mtihani, uligeukia ukutani. Akadhani umejuta kumpa, akaona haya kukukumbusha. Nilipomwambia kwamba hukumbuki chochote, alishika mdomo, akalia. Darasa zima tukaangalia madawati yetu.

Mimi namwamini, Bibi. Nisamehe kama nimekosea.

Mjukuu wako

14 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba, na nisamehe kwa kimya. Afya ipo, magoti ni yaleyale.

Kuna ndoto naiota tangu usichana wangu. Nafunga vifungo vya mtu nisiyemwona uso, na joto linatoka vidoleni mwangu linaingia kwenye kitambaa. Nilidhani ni kazi inanifuata usingizini, kwani fundi ataota nini zaidi ya vifungo? Nilipoisoma barua yako niliikasirikia, nikaiweka chini ya mkasi. Juzi ndoto ikarudi, na safari hii uso ulikuwepo. Alikuwa ananitazama kwa woga, mdogo kama wewe.

Nilimpa mwenyewe, kisha nikamchukia kwa kupokea. Nimelia mpaka mteja akaondoka na suruali yake bila kupindwa.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Mwambie Bibi yako Mdogo asipike, wala asipange maneno ya kuombana radhi, tumezeeka na muda wa hayo hatuna. Atandike mkeka tu. Nitajilaza, nitafumba macho, na yeye aanze na swali la kwanza la mtihani ule.

Bibi yako