Viganja Viwili kwenye Kadi

Jumatatu, 9 Juni

Watu wa bima wamekataa! Mama Cherehani, mgonjwa wetu mshonaji, anapasuliwa mkono wa kushoto Ijumaa. Vidole vimekufa ganzi, sindano inamponyoka. Wao wanasema mkono huo ulishapasuliwa Machi, msimbo wa mkono wa kushoto wanao kwenye fomu niliyowajazia, hawalipii mara ya pili. Upuuzi mtupu. Machi ulikuwa wa kulia, kovu lipo! Nimewapigia mara tatu. Mara ya tatu nikampandishia sauti dada wa watu. Ijumaa ikipita, nafasi nyingine ya chumba cha upasuaji ni Septemba.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoa kadi ya Machi ili niwaumbue. Nimeumbuka mimi.

Daktari haandiki kulia wala kushoto. Anachora viganja viwili kama anavyoviona mbele yake, anatia msalaba penye tatizo. Kwa hiyo mkono wa kulia wa mgonjwa unakaa upande wa kushoto wa karatasi. Miaka sita nageuza kichwani kabla ya kujaza msimbo kwenye fomu ya madai ya bima. Siku ile mwanangu alikuwa na homa, sikugeuza. Kushoto, nikajaza. Basi.

Nikaenda kwa Daktari, nikamwambia yote, nikingoja anifukuze. Akautazama mchoro wake, akacheka hadi miwani ikamteleza. Eti na yeye anachora kama mtoto wa chekechea, kosa tugawane. Akaandika barua ya kusahihisha palepale: kosa ni la kliniki. Jina langu halimo. Mungu ambariki mzee yule.

Jumatano, 11 Juni

Kimya. Barua wameipata, wanaichunguza. Muuguzi kapiga picha ya kovu, kaituma, kisha kaniletea chai. Wala sikumwomba. Nina watu, jamani!

Alhamisi, 12 Juni

Dada wa bima kapiga mwenyewe — yuleyule niliyemfokea! Nikaanza na samahani. Akasema yameisha, Jumatatu kila mtu humfokea. Ila mkubwa wake anashuku tumebadilisha mkono ili tulipwe mara mbili. Anataka jina la aliyejaza. Na huyo anaweza kufungiwa, asijaze madai tena.

Mama Cherehani yuko mbele yangu, kaja kuuliza kama kesho afunge duka. Amesikia yote, simu yangu ina sauti kubwa. Akatikisa kichwa: usijitaje, mwanangu, nitangoja hiyo Septemba.

Nimejitaja. Majina yote matatu.

Dada akasema asante, nisikate, anaingia kwa mkubwa sasa hivi. Kanisemesha kwa upole ambao sikuustahili.

Naandika simu nimeibana begani, muziki wao wa kungojea unalia. Mama Cherehani kaweka mikono yote miwili mezani. Wa kushoto wake uko kuliani kwa meza yangu. Safari hii nimehakikisha. Nimenyoosha mkono, nikambonyeza kidole cha kati. Hajui kama nimemgusa. Anatazama dirishani tu, anangoja —

Muziki umekatika.