Darubini Inayovuta Mara Nne

Kijiji Kipya, Lembeni
14 Septemba 1973

Mwanangu Jenoveva,

Salamu nyingi zikufikie huko Arusha. Mimi sijambo, kifua kimetulia, na nyumba haijaanguka ingawa waliijenga mbiombio. Joto ni lile lile na maji ni ya kugombania.

Nina shida moja. Nimesikia redioni kwamba uwindaji wa wageni umesimamishwa. Wewe ndiye mtunza ghala wa hao wazungu wa safari, basi wakifungasha lazima watauza vitu. Nitafutie darubini ya kufunga juu ya bunduki, ile inayovuta mbali kuliko zote. Nyati wanatoka porini kila mahindi yakibeba, na kijiji chenye kaya themanini kina bunduki moja tu, hii yangu ya tangu nilipokuwa askari wa wanyama pori. Kutoka kwenye dungu langu, kile kichanja ninacholindia, hadi mwisho wa shamba la ujamaa ni hatua mia tatu. Baba yako si kijana tena.

Chagua kama mzee anayepokea ng'ombe wa mahari. Usitazame pembe tu.

Ni mimi baba yako,
Paskali

Arusha
29 Septemba 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kazi yangu inaisha Desemba na sijui nitakwenda wapi. Nashukuru kusikia kifua kimepoa.

Darubini nimepata mbili. Moja inavuta mara kumi, ndefu kama mchi. Ya pili inavuta mara nne, fupi, haina madoido. Nimemuuliza mwindaji wetu mkuu, mtu asiyependa maneno mengi, akanijibu kwa muda mrefu. Anasema ya mara kumi ni ya watu wanaolala kifudifudi na kupiga karatasi za shabaha mchana kweupe. Ukiishika mkononi, mapigo ya moyo wako tu yanaifanya icheze. Tena inaonyesha sehemu ndogo, mnyama akisogea umempoteza, na jua likishuka inakuwa giza. Ya mara nne inaonyesha shamba na mnyama ndani yake. Yeye mwenyewe hajawahi kutumia nyingine kwa nyati.

Tena bunduki yako ni ya zamani. Ukiinua komeo, ule mkono wa kuingizia risasi, litagonga darubini, kwa hiyo fundi lazima alipinde. Na jicho likae mbali na kioo upana wa vidole vinne, la sivyo bunduki ikirudi nyuma itakuchana nyusi.

Mimi nachagua ya mara nne. Unasemaje?

Mwanao,
Jenoveva

Lembeni
11 Oktoba 1973

Mwanangu,

Nimeipokea barua yako nikiwa salama. Nami nakuombea kazi nyingine.

Umechagua vizuri kwa mtu mwingine. Mimi nataka ya mara kumi. Huyo mzungu hajui dungu langu, nina gogo la kuegemeza bunduki, haitacheza. Muulize jambo moja tu ambalo hukuniandikia: je, hiyo darubini inapenya ukungu?

Fanya haraka. Mwenyekiti Hezroni ananiuliza kila siku kama nimejiandaa.

Baba yako,
Paskali

Arusha
20 Oktoba 1973

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Ukungu upi, baba? Kule Ngujini mlimani tulikozaliwa ukungu upo, mpaka mbuzi anapotelea uani. Lakini Lembeni? Nimepita hapo kwa basi na kwa treni, sijawahi kuona hata wingu limekaa chini. Oktoba hapo ni vumbi na jua.

Nilimuuliza mwindaji hata hivyo. Alinitazama, akasema darubini hukuza kile ambacho jicho linapata. Ukungu ukiwa ndani ya jicho, utakuza huo ukungu. Kisha akaniuliza baba yangu ana umri gani.

Unaona, baba? Niambie ukweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe huenda kikawa cha mtu mwingine.

Mwanao,
Jenoveva

Lembeni
3 Novemba 1973

Jenoveva,

Sijambo, kama unavyoniuliza.

Ni kweli. Cha karibu nakiona. Barua yako naisoma juani, nimeibandika puani. Mbali ndiko kulikoniponyoka. Jicho la kushoto limekwenda tangu mwaka juzi, na la kulia naona kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Kitu kinachong'aa nakiona. Kitu cheusi nakiona kama ni kikubwa. Huyo ni nyati au ni kichaka, najua kwa kungoja kama kitatembea.

Utasema niirudishe bunduki. Mwaka juzi niliomba ruhusa nirudi Ngujini nikae karibu na kaburi la mama yako. Hezroni akanijibu kwa upole sana: "Mzee, wewe nenda, bunduki ibaki." Lakini kibali kiko kwa jina langu, bunduki haiwezi kubaki bila mimi. Kumbe walinishusha huku kwa ajili yake, mimi nilikuwa mfuko wake tu. Nikisema sioni, itachukuliwa ipelekwe Same wilayani, na kupata nyingine ni miaka. Mvua za mwaka huu ni za kubahatisha. Nyati wakila shamba, kaya themanini zitalala njaa, na watajua ni nani aliyewalaza.

Usidhani sijali watu. Nimeweka amri: anayeingia shambani alfajiri au jioni ajifunge kitambaa cheupe kichwani. Nimewaambia ni mwiko wa wawindaji wa kwetu mlimani. Wanautii kuliko amri za serikali. Jirani yangu Mwanahalima, anayenipikia uji, ndiye anayewakumbusha wenzake.

Nitumie darubini, mwanangu. Nitaitumia kutazama. Usimwambie mtu.

Baba yako

Arusha
19 Novemba 1973

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nimeandika barua tatu kwa Mwenyekiti Hezroni na zote nimezichana. Nikimwandikia nimekuvua nguo mbele ya kijiji. Nisipomwandikia, sijui niseme nini. Kuna hospitali kubwa Moshi, wanatoa mtoto wa jicho. Nimekuomba mara ngapi uje Arusha?

Nimekutumia ya mara nne, kwa dereva wa lori la Hedaru. Ni hiyo au hakuna. Fundi ameandika jinsi ya kupinda komeo. Masharti yangu ni haya: usipige jua likiwa halijatoka, wala likianza kushuka. Usipige kitu ambacho hukijui. Mahindi yakivunwa, twende Moshi.

Naogopa, baba. Najua ninachokifanya na bado nimekifanya.

Jenoveva

Lembeni
16 Desemba 1973

Mwanangu mpenzi,

Heri ya Krismasi inayokuja. Mimi sijambo na darubini imefika bila mkwaruzo. Fundi baiskeli wa hapa alilipasha komeo moto akalipinda kama anapinda mundu.

Siku ya kuijaribu, Hezroni alikusanya kijiji kizima. Wakaweka debe tupu juu ya kisiki, hatua mia tatu. Nikatazama kwenye kioo. Ukungu, kama alivyosema mzungu wako, ila mkubwa zaidi. Nilikuwa karibu kusema bunduki ina kasoro. Basi jua likalipiga debe, likametameta, nikaachia risasi pale penye mng'aro. Nikasikia debe linalia. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia.

Nami nilifurahi, siwezi kukudanganya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sasa kijiji cha jirani kimeomba niwalindie na wao, na Hezroni amekubali bila kuniuliza. Wananiita Jicho. Kila anayenipa mkono ananifungia mlango.

Nyati mmoja amekwishaanguka, mchana, na kila mtu alikula nyama. Moshi tutakwenda mahindi yakiisha.

Baba yako,
Paskali

Arusha
20 Januari 1974

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Nimepata kibarua cha kushona sare za shule. Mwezi huu sijapata hata mstari kutoka kwako. Mahindi yamefikia wapi?

Mwanao,
Jenoveva

Arusha
18 Februari 1974

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Dereva wa Hedaru anasema amesikia kuna mtu ameumia kwenye shamba lenu, lakini hajui ni nani wala kwa nini. Kama ni wewe, mtu yeyote aniandikie. Kama si wewe, niandikie mwenyewe.

Jenoveva

Lembeni
24 Februari 1974

Jenoveva,

Ni mimi niliyeumiza.

Tarehe tano watu walikwenda matembezi ya kuunga mkono Azimio la Arusha. Akina mama walikuwa na vitenge vipya vya kijani vya chama. Vitambaa vyeupe waliviacha nyumbani, maana ilikuwa sherehe. Mimi nilibaki kwenye dungu. Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeanza kushuka. Sharti lako nililijua. Mahindi yakatikisika, nikaona kitu cheusi kinainama na kuinuka. Nilingoja kama kitatembea, kikatembea.

Alikuwa Mwanahalima, anakata njia ya mkato aje aniwashie moto. Risasi ilipita mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Yuko hai. Amerudi kutoka hospitali, lakini vidole havifumbiki.

Sikiliza sasa kinachoniua. Kamati ya kijiji ilikaa. Hawakuniuliza neno. Walisema Mwanahalima amevunja mwiko, hakufunga kitambaa. Wamemtoza mbuzi. Hezroni amewaandikia Same kwamba ni ajali ya mtu aliyekaidi amri. Juzi Mwanahalima alikuja mlangoni kwangu, mkono umefungwa shingoni, akaniomba radhi. Aliniomba mimi radhi, Jenoveva, kwa kuniharibia jina. Nikamwambia haidhuru. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Wamenirudisha kwenye dungu.

Baba yako

Arusha
2 Machi 1974

Baba yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikaikunja, nikashona sare sita, nikaisoma tena.

Huo mwiko haupo Ngujini wala popote. Uliutunga wewe, na mimi niliujua tangu Novemba nikanyamaza. Darubini ni mimi niliyeichagua, kwa makini kabisa, kama ulivyoniagiza. Nilijua kila kitu juu ya kioo kile na nilijua jicho litakaloegemezwa hapo. Kwa hiyo sikuandikii kama hakimu.

Simama kwenye mkutano, baba, useme. Mbuzi wa Mwanahalima arudi kwake. Polisi wakija, waambie na jina langu. Ukishindwa, nitakuja niseme mimi, na sitaki watu wakusikie kwa kinywa changu.

Nakupenda. Simama.

Mwanao,
Jenoveva

Lembeni
17 Machi 1974

Mwanangu Jenoveva,

Nakusalimu sana. Barua hii inaandikwa na Mwalimu Esta wa hapa shuleni. Mimi nasema, yeye anaandika, na sina tena jambo la kumficha.

Nilisimama Jumapili iliyopita, uwanjani, jua la saa nne. Nikasema mwiko ni uongo wangu, mimi sioni mbali, kosa si la Mwanahalima. Wakacheka. Si kwa ubaya. Mmoja akasema mzee amejaa huruma, anataka kumwokolea yule mama mbuzi wake. Mwingine akasema mtu aliyepiga debe hatua mia tatu hawezi kuwa kipofu. Hezroni akanishika bega, akasema, "Pumzika, Jicho, siku mbili tu." Nikaona kwamba nitafia kwenye lile dungu, na kabla yangu watakufa wengine. Nililia mbele za watu, mwanangu.

Nikaona mtu amesimama mbele yangu, hatua kama kumi, haondoki wala hasemi. Nikamwambia, "Hezroni, kama umekuja kunitoa, ngoja nimalize." Hezroni akajibu kutoka nyuma yangu, "Mimi niko hapa, mzee."

Aliyekuwa mbele yangu ni Mwanahalima. Hakuna aliyecheka tena.

Mbuzi amerudishwa. Hezroni amezitoa risasi zote kwenye bunduki na kuifungia ofisini. Shamba sasa wanalilinda kwa zamu, kwa madebe na moto, na wapo walioacha kunisalimia. Kesho tunakwenda Same, kituo cha polisi, nikaseme haya haya. Sijui kama nitarudi jioni au baada ya miaka. Jina lako sitalitaja, na hilo usinibishie.

Nilihitaji mtu wa kunishika mkono mpaka barabarani, kwenye basi. Hezroni aliuliza mkutanoni nani atajitolea, watu wakatazama chini. Atanipeleka Mwanahalima. Hajasema amenisamehe, nami sijamuuliza.

Ni mimi baba yako,
Paskali