Bastola na Viatu vya Msikitini

Mjukuu wangu Salim,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Ibra, Omani, sote wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako kaja na wanawe kutoka Sur, na tende zishaanza kuiva. Ila tangu uniulize huko Marekani ununue bastola ipi, na mkoba wake uwe wa ngozi au wa kitambaa, sikai nikatulia. Nikishika ufagio nauweka, nikifungua redio naizima.

Babu yako alikuwa nayo, tulipokuwa na duka Tabora. Wezi walizidi, akaivaa kiunoni ndani ya kanzu. Basi kila saa mkono uko kiunoni. Mteja akitia mkono mfukoni kutoa pesa, yeye anashtuka. Msikitini akawa haendi. Kuiacha mlangoni pamoja na viatu hawezi, kusujudu nayo bega kwa bega na jirani anaona haya. Akawa anaswali dukani, mlango kaufunga.

Lakini Ijumaa haiswaliwi peke yako. Ilipofika, akaikabidhi bastola polisi asubuhi, akarudi anacheka, kanzu imemkaa vizuri.

Sikukatazi, baba, ya huko unayajua wewe. Ila kabla hujachagua mkoba, nambie: ukivua viatu, hiyo bastola utaiacha wapi?

Bibi yako